Fundi Asiyetaka Kusikia Gari Bovu

Gereji yetu ilikuwa na sheria moja tu, nayo haikuandikwa mahali popote: usitamke neno "bovu." Ungeweza kuvuta sigara karibu na pipa la dizeli, ungeweza kuchelewa, ungeweza hata kumtukana Meneja mbele ya watu kama una kifua. Lakini ukisema gari fulani ni bovu, Fundi aliweka spana chini, akakutazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kisha akauliza, "Limekwambia lenyewe?" Ukinyamaza, akaendelea: "Sema halijatengenezwa. Mbovu ni wewe."

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka kumi na mpaka leo sijui alizaliwa kijiji gani wala baba yake alikuwa nani. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia. Sumbawanga nzima walimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote wa mji ule walikuwa wanajaribu tu. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika, binti wa Mbeya niliyeletwa huku na ajira, na dirisha la ofisi yangu lilitazamana na uwanja wa gereji ya chama. Basi nilimwona kila siku ya kazi, nitake nisitake. Siandiki haya kwa kumsifu. Kuna miaka nilitamani nisingemjua kabisa.

Kwanza niseme alikuwa mwongo. Mwongo hodari! Umri wake aliutaja kwa namna tatu, kutegemea nani anauliza. Alikuwa na kovu refu mkononi. Mimi aliniambia ni chui, mlinzi akaambiwa ni vita, na mkewe akasema ni sufuria ya maharage iliyomwagika jikoni. Kila kiangazi aliapa kwamba mwaka huu atabadilisha mabati ya nyumba yake pale Malangali, na kila masika Mama Fundi alipanga mabeseni sebuleni kukinga matone. "Bati langu lingekuwa boneti," yule mama alisema siku moja ofisini kwangu, "lingezibwa tangu juzi." Tulicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Kwenye magari, hapana. Hapo hakusema uongo hata wa kusaidia. Alikuja ofisa mmoja mkubwa wa wilaya na gari la serikali, anataka aandikiwe kwamba limeharibika ili apate jipya. Alikuja na soda na maneno matamu. Fundi akaliwasha, akasikiliza kwa muda kama anayepima mapigo ya mtoto, akazima. "Halina kitu, mheshimiwa. Dereva wako ndiye anaendesha kama anafukuzwa." Yule bwana akaondoka bila kuaga, na Meneja wetu akapigiwa simu ya kufokewa. Fundi alirudi chini ya trekta lake akipiga mluzi.

Ukimwamkia shikamoo alijibu marahaba bila kukutazama, kama anayefukuza nzi. Lakini asubuhi akifika kazini alizunguka gari moja moja, akiligusa kwa kiganja, na akiwa peke yake alisema nayo Kifipa. Niliwahi kumkuta akibembeleza giaboksi kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, nadhani mkewe hakuisikia hata siku ya harusi.

Sasa lori. Nyuma ya ghala la magunia kulikuwa na lori la zamani la Kiingereza, lenye pua ndefu, lililoingia Ufipa tangu enzi za mkoloni. Lilikuwa juu ya mawe. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye mlango, na kuku wa mlinzi walitagia kwenye kiti cha dereva. Siku moja Meneja, akiwa anasubiri wageni kutoka mkoani, alilitazama kwa kinyaa. "Fundi, niondolee hiyo takataka. Lichukue, ni lako." Alisema hivyo mbele yangu na mbele ya mlinzi. Kwa mdomo. Hakuna aliyeandika mstari mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa ofisi ile. Sikufikiria. Nani angefikiria? Ilikuwa takataka.

Fundi alilihamisha kutoka nyuma ya ghala akalileta uwanjani, karibu na vyombo vyake. Angelipeleka nyumbani kwake Malangali nisingekuwa na habari ya kuwaambia leo.

Lilimchukua miaka mitatu, jioni na Jumapili. Spea za gari lile hazikuwepo Sumbawanga, Mbeya wala kwingine kokote tulikojua. Gasketi alikata mwenyewe kwa mkasi wa bati. Pampu ya maji aliitoa kwenye trekta lililokufa akaichonga mpaka ikakubali. Springi ya nyuma aliiongezea jani la tela. Masika nzima ya mwaka wa pili aliimaliza kwenye breki peke yake. Tulimcheka. Injini ilikuwa tayari inanguruma, sisi tunataka atupandishe tukazunguke mjini, yeye yuko chini ya tairi anapima kwa kidole.

"Fundi, si linawaka tayari?" nilimwuliza.

"Kuwaka kitu gani, Karani? Hata chizi anaweza kuwasha kitu. Kazi ni kesho liwake tena."

Na hapo ndipo alipotuonyesha maajabu yake. Lori lilipokamilika hakulipakia gunia wala mtu. Alisema lazima liwake asubuhi arobaini mfululizo, bila kusukumwa, ndipo litembee. Arobaini, kama msiba! Nanyi mnaijua baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita na wa saba, ule upepo unaoingia mpaka kwenye meno. Alikuja kabla ya jua kupanda, akaweka jiko la mkaa chini ya sampu, tumboni mwa injini, kuipasha oili, akamimina maji ya moto kwenye rejeta, akapanda, akawasha. Asubuhi ya thelathini na moja likagoma. Sisi tukasema haidhuru, thelathini zinatosha. Fundi akafungua nozeli zote za dizeli, akazisafisha, akazirudisha, na kesho yake akaanza kuhesabu moja.

Nilimwona mjinga. Lakini lilipoanza safari, jamani, lori lile halikuwahi kulala njiani. Leo linashuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Ilemba bondeni, kesho linapanda kurudi mjini, Jumapili linapumzika. Ile barabara ya kushuka bondeni mliopita mnaijua: upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Magari mapya ya wafanyabiashara yaliyoanza kuingia na soko huria yalikuwa yanafia pale kama panzi. La Fundi lilipita likinguruma polepole, limebeba mchele, samaki wakavu, walimu, wagonjwa, na wafugaji wa Kisukuma na ndama wao. Bondeni mtu akikwambia nitakuja kesho na Fundi, ulikuwa unaweka maji ya chai jikoni.

Aliondoka saa moja kamili. Hakumsubiri mtu. Asubuhi moja Mama Fundi alikuwa anakwenda Ilemba kwenye msiba wa dada yake wa tumbo moja. Alichelewa kidogo tu, alikuwa anafunga kanga ya kumpelekea marehemu. Akatokea kwenye kona anapunga mkono, na sisi tuliokuwa pale tukapiga kelele, "Fundi! Mama huyo!" Fundi alimwona kwenye kioo. Aliondoa gari. Yule mama alifika bondeni kesho yake kwa gari la mahindi, dada yake keshazikwa. Nilipomwuliza Fundi ana moyo wa namna gani, alijibu, "Nikimsubiri yeye, kesho nitamsubiri diwani." Ndiyo hivyo alivyokuwa. Chuma alikisubiri miaka mitatu, mkewe hakumpa dakika tatu.

Wakati huo chama chetu kilikuwa kinakufa tukikitazama. Kila kitu ruksa: wanunuzi binafsi walikuwa wanakwenda hadi shambani kuchukua mahindi, na wakulima, ambao tulikuwa tumewakopa mazao msimu hadi msimu, walikuwa na haki ya kutukimbia. Maghala yetu yakabaki na popo. Gereji haikuwa na gari la kutengeneza, ndiyo maana hakuna aliyemwuliza Fundi mbona yuko barabarani saa za kazi. Kazi yetu ilikuwa kukaa. Tulikaa, tukanywa chai, tukasengenyana, hadi ilipokuja barua kwamba chama kinavunjwa na mfilisi yuko njiani.

Mfilisi alikuwa bwana mmoja mpole mwenye koti zito, asiyeipenda baridi yetu. Alituita akatueleza utaratibu. Kila mali iliyomo ndani ya uzio itaandikwa. Iliyo nzima itapigwa mnada. Iliyo mbovu itafutwa kwenye orodha, ibaki ilipo, aitakaye aokote. Kisha akasema neno jingine, akilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa: atahitaji karani mmoja wa kubaki naye mpaka shughuli iishe. Tulikuwa makarani wanne.

Habari ya lori ilizunguka gereji siku ile ile. Kadi ya gari ilikuwa bado ya chama. Meneja aliyelitoa kwa mdomo alikuwa keshahama, na mlinzi alipojaribu kueleza alijibiwa kwamba maneno si hati. Basi kila mtu akamwendea Fundi. Ng'oa nozeli, walimwambia. Toa betri. Lipandishe juu ya mawe kama zamani, rudisha hata kuku. Mama Fundi alikuja mwenyewe pale uwanjani, mwanamke aliyekuwa hajakanyaga gereji tangu ule msiba, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba, sema limekufa. Siku moja tu, sema limekufa."

"Halijafa."

"Najua halijafa! Nani asiyejua? Sema tu!"

Fundi alikuwa anakaza nati ya tairi. Aliendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa. Yule mama alisubiri jibu mpaka akachoka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Sote tulitegemea mfilisi atakuja mwenyewe kukagua. Hakuja. Upepo ulikuwa mkali asubuhi ile. Alibaki ofisini na chai yake, akanikabidhi fomu na kalamu, akasema, "Dada, nenda kaniandikie za uwanjani, wewe unazifahamu." Mimi. Makarani wengine watatu waliniangalia nikitoka, na nilijua maana ya kuchaguliwa kwangu. Nilijua vizuri sana.

Niliandika pipa, niliandika winchi, niliandika trekta lililotolewa pampu. Bovu, bovu, bovu. Nikafika kwenye lori. Fundi alikuwa amesimama kando yake na ovaroli safi, naapa, ovaroli iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Safari hii alinitazama.

"Niandike nini?"

"Uliza gari."

Akapanda, akawasha. Likashika mara moja, katika baridi ile, likatulia kwenye mngurumo wake. Akazima, akashuka. Uwanjani hatukuwa na mtu mwingine. Nilisogea karibu nikasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nikiandika bovu linabaki hapa hapa. Ni lako. Hakuna atakayekuja kutazama."

"Karani, mimi gari zima siliiti bovu. Umelisikia mwenyewe. Andika unachojua." Akageuka, akanipa mgongo, akaenda zake kibandani polepole, wala hakurudi.

Niliandika "zima." Nikafikiri, nikaongeza pembeni kwa mwandiko wangu mzuri, ule uliosifiwa tangu shule: "linawaka mara moja." Nikampelekea mfilisi. Aliisoma, akatabasamu, akasema hii ndiyo kazi anayoitaka. Nilibakizwa.

Lori lilinunuliwa na mfanyabiashara ambaye hakutaka lori. Alitaka injini. Walikuja vijana wake na gesi, wakalikata pale pale uwanjani, mimi nikiwa dirishani na orodha yangu. Chesisi ikauzwa kwa wahunzi, bodi ikaenda kuwa banda la mtu Katandala. Fundi hakuja kutazama. Kule Ilemba watu walikaa na magunia yao barabarani wiki nzima wakidhani amepata homa, kwa sababu hawakuwa na namna nyingine ya kueleza lori lile kutofika. Baada ya hapo wagonjwa walipandishwa kwa baiskeli, na si wote walifika juu.

Nami nilifika wapi? Mfilisi alimaliza kazi yake mapema, akanishukuru, akapanda basi. Nilipata miezi michache tu zaidi ya wenzangu. Fundi alipotea mjini, wengine wakasema yuko Mpanda, wengine Zambia. Mama Fundi alihamia kwa ndugu zake, na nyumba ya Malangali ikaanguka masika ya pili. Nilipokutana naye sokoni alinisalimia vizuri, akaniuliza watoto. Ningependa angenitukana.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na jibu langu tayari, na nilimpa kila aliyeuliza na asiyeuliza. Fundi mwenyewe alikataa! Nilimpa nafasi, akaikataa kwa kiburi chake. Mimi niandike uongo gani wakati mwenye gari amesema kweli? Nilimlaumu sana mzee yule. Nilimsema kwamba alipenda sifa kuliko mkewe, kuliko watu wa bondeni, kuliko tumbo lake mwenyewe. Na sikuwa nasema uongo, si mnaona alivyokuwa?

Kisha nikaenda Ilemba kwenye msiba wa mama wa rafiki yangu. Nilikuwa nimezeeka kiasi cha kuitwa bibi na makondakta. Kina mama wa msibani waliishiwa unga, nikafuatana nao kwenda kusaga, debe la mahindi kichwani kama msichana. Tulipokaribia nilisimama. Sikuhitaji kuambiwa. Ule mngurumo niliusikia dirishani kwangu asubuhi arobaini, na nyingine thelathini kabla yake.

Mashine ilikuwa ndani ya kibanda cha tofali, mkanda unazunguka, injini imefungwa kwenye saruji. Na mwendeshaji wake alikuwa mzee mweupe kwa unga, nyusi, kope, masikio yote meupe. Mikono tu ndiyo ilikuwa myeusi. Wanawake walisema yuko pale tangu mashine ilipofungwa. Alikuja kwa miguu akaomba kazi kwa mwenye mashine, na tangu siku hiyo Ilemba haijalala bila unga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Karani," akasema, kana kwamba tuliachana jana. Akachukua debe langu akalimwaga kwenye bakuli la mashine.

Nilisubiri mpaka wenzangu wakatoka nje na unga wao. Nilikuwa nimebeba jibu langu miaka yote ile, lakini lilipofika mdomoni likatoka jingine. Nilimwambia kuhusu karani mmoja wa kubakizwa. Nikamwambia kwamba nilipoandika "linawaka mara moja" sikuwa nimemfikiria yeye wala ukweli. Nilikuwa nafikiria kazi yangu. Nililia, naona aibu kusema, nililia katika kelele ile.

Alipunguza dizeli ili tusikilizane.

"Nilijua kalamu unayo wewe," akasema. "Ndiyo maana nilisema kweli. Nikasema moyoni, mimi neno lile sitaweza kulitamka, lakini huyu mtoto ataweza. Nikakupa mgongo ili usinionee haya. Nilikaa kibandani nasubiri uniite uniambie limefutwa."

"Fundi!" nilisema. "Mbona hukuniambia? Ungesema neno moja tu!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza swali la kitoto.

"Ningekwambia," akasema, "si ningekuwa nimelisema mimi?"

Akaongeza dizeli, akanyoosha mkono kupokea debe la mama aliyekuwa anaingia.